Ngolo kwa Suruali ya Kitambaa

Aibu hii nilikusudia kufa nayo, lakini kwa kuwa Matiri nzima inaijua na wengine wanazidi kuitia chumvi, heri niisimulie mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku milimani, mitumba ikajaa gulioni, na mimi, mhitimu wa kidato cha nne wa kukaa nyumbani (hata Mbinga mjini nilikwenda kwa kusukumwa), nikajinunulia suruali ya kitambaa. Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Skola nasubiri jibu, kwa hiyo nilitembea kijijini kwa adabu kama padri mgeni.

Binamu yangu Kastori akaja likizo kutoka chuo kikuu na wenzake wawili, Beno na dada mmoja, Tumaini. Tukakaa barazani. Beno akasema kwenye kikundi chao Tumaini ndiye huandika muhtasari, "si unajua, wanawake mna mwandiko mzuri." Kastori akadakia, "Na usisome sana, dada, utakosa mume." Tumaini akatabasamu tu (tabasamu lile ningelielewa, ningekwenda kulala). Nami, nisionekane mshamba mbele ya wasomi, nikachangia: "Ndiyo maana huku kwetu wanaume tunafyeka na kupanga nyasi, kazi ya akili. Kuchimba ngolo tumewaachia wanawake. Vishimo tu!"

"Vishimo tu?" Tumaini akauliza. "Basi kesho utatuonyesha, kaka."

Heri ningesema naumwa. Nikasema, "Hata shamba zima!"

Asubuhi tukapanda shambani, nyasi nimezipanga mwenyewe kwa miraba. Kazi ni kuchimba shimo katikati ya mraba na kufukia zile nyasi pande zote kwa udongo, mvua isisombe shamba; shimo hilo ndilo ngolo. Jembe la kwanza, udongo ukaenda machoni kwa Beno. La pili likang'oa nyasi zangu. Nikarudi nyuma nipumue, nikasahau ni mteremko na kwamba nyuma yangu kuna ngolo aliyochimba mama yangu jana yake, nikatumbukia, nikabingirika mraba hadi mraba, suruali ikapasuka nyuma kwa mlio ambao Kastori anaapa ulisikika hadi kijiji cha Mkumbi. Nikatua miguuni pa mama mmoja mwenye jembe begani.

Mama Skola.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa chali (kugeuka sikuthubutu).

"Marahaba, mkwe mtarajiwa. Mbona umelala kazini?"

Tumaini akamweleza yote ya barazani, neno kwa neno, tena na nani alisema nini. Kumbe kweli muhtasari anaujua. Beno akajidai anatazama ndege.

Mama Skola akanitupia kanga yake huku akiangalia pembeni. "Jibu lako lilikuwa tayari," akasema. "Sasa lisubiri mpaka ngolo hizi ziishe. Na nyie wasomi, majembe si yapo?"

Tukachimba wanaume wote watatu, mimi na kanga kiunoni, Tumaini kwenye kisiki anakula ndizi na kutusahihisha: "Kaka Beno, hiyo chimba vizuri, mwandiko haujanyooka!"

Posa ilikubaliwa. Nimeapa kazi ya mtu sitaiita tena vishimo tu, wala vikombe tu, wala watoto tu. Na msimu ukifika, nikianza kujikuna kichwa mbele ya jembe, Skola hagombi. Anaingia ndani, anatoka na ile kanga.