Crown ya Mulama Yarudi Chini

Callistus Omoding amekuwa fundi wa magari hapa Malaba kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yake imekuwa kuinua. Probox za kubeba vitunguu, pikapu za samaki, Noah za wahubiri, zote humfikia zikiwa zimelala nyuma kama ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Yeye huzitia springi nzito na kuzisimamisha. Gereji yake iko nyuma ya uwanja wa malori, na madereva wa pande zote mbili za mpaka wanaijua.

Lakini kijana akija na Subaru akitaka ishushwe mbele, Callistus alikuwa na jibu moja.

"Sishushi."

Vijana walisema mzee amepitwa na wakati. Hawakujua kwamba gari la kwanza kushushwa katika mji huu lilishushwa na mikono yake.

Mwaka wa tisini na nne alifungua gereji hiyo pamoja na rafiki yake Mulama, mtu wa kabila la Wakhayo kutoka Busibwabo, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Mulama alikuwa na Toyota Crown ya rangi ya chai ya maziwa, aliyoinunua ikiwa imekufa kwa mwalimu mmoja mstaafu. Waliifufua kwa miezi minne. Ilipowaka, Mulama alizunguka mbele yake, akainamisha kichwa huku na huku, akasema, "Boss, imesimama sana. Gari ya maana inafaa kulala."

Siku hizo hapakuwa na vifaa vya kazi hiyo. Waliitoa springi ya mbele, wakaibana kwenye jiriwa, na Callistus akachukua msumeno wa chuma. Springi fupi, gari chini. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo.

Crown ikalala. Jumapili waliipeleka polepole mpaka soko la Adungosi, na akina mama waliacha nyanya zao kuja kuitazama. Kuipanda ilikuwa kama kupanda toroli. Kila kokoto la barabarani ulilijua kwa mgongo. Hakuna aliyejali. Mulama alipokwenda Namboboto kumposa Zilpa, baba ya msichana alilitazama gari lile kwa muda, kisha akauliza limeumwa na nini. Siku ya harusi lilikwama kwa tumbo kwenye tuta la njia ya kanisani. Zilpa alishuka, akavua viatu, akaenda kwa miguu hadi mlango wa kanisa huku akicheka, shela limejaa vumbi, na Callistus nyuma akisukuma gari pamoja na wanakwaya.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, mvua ilikuwa imekula barabara. Callistus ndiye aliyekuwa akiendesha, Mulama kando yake. Gurudumu la mbele liliingia shimoni likaning'inia, na springi ile fupi, isiyofika tena juu wala chini, ikachomoka kwenye kikombe cha chuma inachokalia. Gurudumu likakunjika. Gari likaenda mtaroni.

Callistus alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Mguu wa kulia wa Mulama ulivunjika mara mbili, na ulipopona, goti halikukunjika tena. Fundi asiyeweza kuchuchumaa atafanya nini chini ya gari? Alirudi Busibwabo kulima mihogo na kufuga kuku. Crown ikavutwa hadi boma lake, ikawekwa juu ya mawe.

Callistus alikwenda hospitalini mara moja. Alimkuta Zilpa ameketi kando ya kitanda, mimba ikiwa kubwa. Alisimama hapo na chupa ya soda mkononi, akaiweka chini ya kitanda, akaondoka. Hakurudi. Hakuna aliyemfukuza, ni jambo moja alilokuwa akilijua peke yake, au alivyodhani, ndilo lililomfungia njia. Kutoka Malaba hadi Busibwabo si mbali. Aliishi miaka ishirini na saba bila kwenda.

Januari hii mwanamke kijana alishuka kwenye teksi mbele ya gereji akiwa na boksi zito. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo kwenye forodha ya Busia, kitambulisho cha kazi bado shingoni.

"Yoga, mzee," akamwamkia kwa Kiteso kilichoonyesha kuwa si chake. "Naitwa Brendah. Nataka unishushie gari mbele."

"Sishushi."

"Nimeambiwa utasema hivyo. Ona kwanza." Alifungua boksi. Ndani mlikuwa na mikono miwili ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, ile mikono ya chini inayoshika gurudumu na kubeba springi. "Hatukati kitu. Springi inabaki nzima."

Callistus hakutaka kuishika, lakini mikono ya fundi ina tabia zake. Akaigeuza. Mara moja akaona kilichofanywa: kikombe cha kukalia springi kilikuwa kimeshushwa kuliko kile cha kiwandani. Springi ingekaa chini zaidi, gari lingeshuka nayo, na bado ingebanwa vizuri pande zote, hata gurudumu likining'inia. Akapitisha kidole kwenye uchomeleaji. Ulikuwa safi.

"Nani alifikiria hii?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Watu huko nje. Mimi niliagiza kwa muuza vipuri wa Kampala. Ni ya Crown. Crown ya zamani." Brendah akamtazama usoni. "Baba yangu ni Mulama."

Callistus alikaa juu ya tairi lililokuwa karibu.

Brendah akaeleza. Injini alikuwa ameshaitengenezesha Busia. Springi nzima zilipatikana, zikawekwa, lakini mbele gari likasimama kama jogoo. Mama yake akalizunguka, akasema, "Hii si ile yetu." Baba akasema kuna mtu mmoja tu atakayegusa sehemu hiyo, na kama mtu huyo hataki, basi liachwe hivyo.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, mzee."

Callistus akakubali, na Jumatano asubuhi Crown ilifika mgongoni mwa lori. Mulama aliteremka upande wa abiria kwa fimbo, mguu umenyooka, nywele zimekuwa jivu. Walisalimiana kwa mkono kama watu wa ofisini. Callistus akamletea kiti cha plastiki, akakiweka pale ambapo mtu akikaa anaona vizuri chini ya gari.

Kazi ikaanza bila maneno mengi. Akainua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi za chuma, akatoa magurudumu. Springi akaifunga kwa kibanio na mnyororo juu yake, kwa sababu springi iliyobanwa ikikuponyoka haikuulizi jina. Nati za zamani zilikuwa na kutu ya kuudhi. Mulama akiwa kitini alimwambia, "Pasha moto kwanza," na Callistus akajibu, "Najua," na kidogo ikawa kama zamani.

Mkono wa kwanza wa zamani ulipotoka, Callistus aliuweka chini akabaki amechuchumaa, mgongo wake kwa Mulama.

"Ulisema tukate duara moja la springi," akasema. "Ile siku. Ukaenda kununua chai. Mimi nikakata moja na nusu."

Lori likapita nje likipiga honi. Mulama akangoja lipite.

"Najua. Nilihesabu."

Callistus akageuka.

"Nilirudi na chai, nikahesabu," Mulama akasema. "Moja na nusu. Nikaangalia gari vile imelala, nikaona imependeza. Nikanyamaza. Sasa hiyo kosa utabeba peke yako kwa nini?"

"Na hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Ulikuja? Mimi nilifikiri umechoka na kiwete."

Callistus akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akazidi kujichafua. Mulama akacheka, kile kicheko chake, na mama wa chapati aliyekuwa karibu akachungulia kuona kuna nini.

Alasiri gari lilishushwa chini, na lilikuwa bado limesimama juu, tena upande mmoja kuliko mwingine. Callistus akalisukuma kwa mikono, halikukubali. Akazunguka. Akapima kwa vidole kati ya tairi na bodi, vinne huku, sita kule.

"Bushi ulikaza lini?" Mulama akauliza kutoka kitini.

Callistus akafumba macho. Alikuwa amezikaza bushi hizo, ile mipira ya maungio, huku magurudumu yakiwa hewani, kwa hiyo zilijipinda gari lilipokaa, zikawa zinalisukuma juu. Ni kosa la mwanafunzi. Akalegeza zote, akaliacha gari likae kwa uzito wake, akalitikisa mpaka likatulia, kisha akalala chini akakaza moja moja. Alipoinuka, Crown ilikuwa imelala, vidole vitatu pande zote mbili. Mulama alijiinua kwa fimbo. Alikuwa akilitazama kama mtu aliyesikia akiitwa jina la utotoni.

Baada ya magurudumu kunyooshwa kwa mashine mjini Busia, walipanga safari ya Jumapili kwenda Namboboto kwa shemeji wa Mulama. Zilpa alikuja na funguo mkononi.

"Mimi ndiye naendesha," akasema. "Nyinyi wawili nawajua."

Mulama alikaa mbele, mguu umenyooshwa, Callistus nyuma. Kwenye tuta la kwanza Callistus alishika kiti kwa mikono miwili. Gari likashuka taratibu, likarudi, likaendelea.

"Ni nzuri kuliko ile," Zilpa akasema.

"Ile ilikuwa nzuri," Mulama akasema.

"Ile ilikuwa inaua mgongo."

"Lakini ilikuwa nzuri."

Baada ya Matayos, Zilpa alimtazama Callistus kwenye kioo. "Na mkeo Apeduno mbona hukumleta? Namkumbuka alivyoimba kwenye harusi yetu."

Callistus akatazama mashamba ya miwa. "Mke wangu alituacha, dada. Mwaka wa kumi na tisa. Ni ugonjwa wa kifua."

Hakuna aliyekuwa amewaambia. Mulama akaweka mkono juu ya mkono wa mkewe, na Zilpa akaingiza gari kando ya barabara, akazima injini. Walikaa hapo, madirisha wazi, watu wa kanisani wakipita na kugeuka kulitazama gari.

"Alizikwa wapi?" Mulama akauliza hatimaye.

"Nyumbani. Kando ya mama."

"Tutaenda," Zilpa akasema. "Lakini kwanza tuambie. Tuambie yote, tangu mwanzo."

Callistus akavuta pumzi, akaanza na mwaka ambao Apeduno alifungua duka.