Vikombe Sita vya Mama

Mama alianza kuchuma chai kitandani siku ya Jumanne. Vidole vyake vilinyofoa blanketi, majani mawili na chipukizi, kisha mkono ukatupa nyuma ya bega, pale kikapu kilipokuwa kikikaa miaka yote alipokuwa mchumaji. Huku akichuma, alikuwa akizungumza na dada yake, ambaye tulimzika zamani.

Ugonjwa wa kusahau tulikuwa tumeuzoea. Aliuliza jambo moja mara kumi, alitafuta ng'ombe tuliokwisha kuuza, lakini jina langu alikuwa nalo. Jumapili aliniita kwa jina hilo nimletee mursik, akalalamika kwamba maziwa hayakuganda vizuri. Jumanne akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ugonjwa uliokuwa ukitambaa kwa miaka haungeruka hivyo kwa siku mbili, nami nikakataa kuamini kwamba ni wenyewe tu.

"Wacha tu, dada," kaka yangu alisema. "Mtu akianza kuongea na wale walienda, anaaga. Nimeita watu wa kanisa wakuje waimbe."

"Waimbe," nikamwambia. "Watapata kitanda kitupu. Mimi nampeleka hospitali."

Nikaazima pikapu ya jirani. Kaka alikuja kwa shingo upande, akakaa nyuma akiwa amemshika Mama.

Daktari alikuwa msichana mdogo kwangu, mpole. Alimpima Mama mkojo, akabonyeza ngozi ya mkono wake, kisha akauliza, "Huyu mama anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alikuwa ameanza kukojoa kitandani, na msimu wa mvua blanketi kwetu halikauki. Kwa hiyo nikampunguzia. Kikombe kimoja cha chai asubuhi, na baada ya saa sita mchana hakuna kitu. Nyumba yetu imezungukwa na chai mpaka mlangoni, na mimi nilikuwa nikiificha chupa ya chai nyuma ya pazia ili mama yangu asiione. Nilijiona mwerevu. Nilimweleza daktari yote, kaka akisikia.

Hakunigombeza. "Maji kidogo, wadudu wamepata nafasi kwa njia ya mkojo," alisema. "Sasa mwili umetoa askari wake kupigana nao. Vita iko huko chini, lakini kelele inafika kichwani. Kichwani kuna askari wengine, na kwa mtu wa ugonjwa huu hao hawalali, wako na hasira tayari. Wakisikia kelele, wanapiga mpaka wenye nyumba."

"Atanijua tena?"

"Sijui, mama. Vita kama hii inaweza kuacha hasara. Tuizime mbio, halafu isirudi."

Mama aliwekewa maji ya mshipa na dawa. Siku ya nne vidole vikatulia. Dada yake marehemu akaacha kutajwa, na Mama akalalamikia uji wa hospitali, nami nikafurahi kuliko siku nyingi. Lakini jina langu halikurudi. Tulipofika nyumbani nilienda kwenye zizi, nikalia nikiwa nimeegemea ng'ombe aliyebaki, kisha nikaosha uso na kupanga vikombe sita dirishani.

Mama mwenyewe alitufundisha kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi vikombe ni sita, na kila kilichonywewa kinapinduliwa juu chini, ili hata kaka akipita ajue tumefika wapi. Akianza kusinzia ovyo au kuchanganyikiwa ghafla, mkojo unapimwa siku hiyohiyo. Mablanketi nafua mimi. Mvua ikinyesha, nayakausha juu ya moto jikoni, na wasiopenda moshi wakae nje.

Juzi mchana alikuwa na kikombe cha nne mikononi. Akatazama mlango, akanivuta karibu.

"Kuna msichana alikuwa hapa," alininong'oneza. "Alikuwa ananinyima maji. Wewe ni mzuri. Usimwache arudi."

"Hatarudi, Mama," nikasema, nikammiminia cha tano.