Fahali Aliyepanda Kuresoi

Harufu ya dawa ya kuchua misuli hunirudisha nyumbani kuliko wimbo wowote. Nikiisikia kanisani, kwa mama mzee anayeumwa na magoti, mahubiri yote hunipotea, nikajikuta Kaptembwo, mtaa wetu wa Nakuru, katika chumba chetu cha kupanga kwenye ploti, Jumamosi asubuhi, mlango uko wazi na vijana wa mtaa wanajilaza mkekani kwa zamu huku baba yangu akiwakanda mapaja. Jina lake ni Simiyu, lakini kuanzia muuza makaa hadi mchungaji, wote walimwita Kocha. Mchana alibeba magunia ya maua ya pareto kiwandani, na jioni alikuwa na timu ya mtaa, na sijui ni ipi kati ya kazi hizo iliyomchosha zaidi, kwa maana hiyo ya jioni hakuwahi kuilalamikia. Mama alifua jezi. Mimi nilizianika. Wakati huo nilikuwa darasa la tano, na hakuna aliyeruhusiwa kuianika namba tisa isipokuwa mimi, kwa sababu namba tisa ilikuwa ya Sindano, na Sindano tulimpenda wote, hata wale waliojifanya hawampendi.

Jina lake halisi lilikuwa Njoroge. Alikuwa mwembamba ajabu, akipenya kati ya mabeki kama hawapo, ndipo akapewa jina hilo. Alipofika kwetu mara ya kwanza alikuwa na mguu mmoja tu wa mpira, ule wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa kusimamia. Baba alimpeleka nyuma ya ploti, akamfunga kitambaa mguu wa kulia ili akumbuke kutoutumia, akamwambia apige mpira ukutani hadi majirani wachoke. Majirani walichoka kweli. Mama Atieno, aliyepakana nasi ukuta kwa ukuta, alitoka na mwiko mkononi akifoka, “Kocha, huyu mtoto atanibomolea nyumba!” Baba akamjibu, “Vumilia, Mama Atieno. Siku moja utasema ulikaa karibu na huu ukuta.” Jioni Sindano alikula ugali kwetu, sahani moja na Baba, na Mama alimwekea kipande kikubwa cha nyama kama kipo. Sikuona wivu. Nilimhesabu kuwa kaka yangu.

Msimu ninaousimulia ulikuwa ule wa mashindano ya fahali. Tajiri mmoja wa mbao mjini alitoa fahali mweusi mwenye doa jeupe usoni, na desturi ilikuwa kwamba mnyama huyo afungwe nyuma ya goli kila siku ya mechi ili wachezaji wajue wanachokitafuta. Timu yetu ilipita raundi moja baada ya nyingine, na kila tuliposhinda tulikwenda kumtazama. Tulimpapasa kwa macho. Hapo ndipo sisi watu wa Kaptembwo tulipokosea, maana wiki ile ya kungoja fainali tulimgawa fahali mzima kwa mdomo. Kichwa kilienda kwa wazee, wakatengenezewe supu. Matumbo yalipewa akina mama wa chama. Golikipa aliahidiwa mguu wa nyuma, na mwenye ploti, ambaye hakuwahi kutazama mpira maishani mwake, alituma ujumbe kwamba ngozi isisahauliwe. Mama mwenyewe aliazima sufuria kubwa ya kanisa, ile ya harusi, akaisugua kwa majivu hadi ikang'aa. Baba alipoikuta mlangoni alicheka, akasema, “Mama Nekesa, huyo ng'ombe bado anatembea.” Wahenga walishasema usikate mbeleko mtoto hajazaliwa, lakini ni nani husikiza wahenga akiwa na hamu ya nyama?

Wapinzani wetu walitoka Kuresoi, juu milimani. Walishuka kwenye lori la viazi, udongo wa huko bado uko kwenye mbao, wakiimba, mashavu mekundu kwa baridi ya juu. Tuliwacheka. Tulisema warudi wakapalilie. Lakini mpira ulipoanza kicheko kilituishia, kwa sababu vijana wale walikuwa na mapafu ya mlimani na hawakujua kuchoka. Walitufunga kwanza. Sindano akasawazisha kwa ule mguu wa kushoto, mpira ukaingia pembeni kabisa, na Mama Atieno akapiga kigelegele, akageukia watu na kuwatangazia, “Huo mguu ulilelewa kwa ukuta wangu!” Baba hakuruka. Alikunja tu kofia yake na kuikunjua, kama alivyofanya kila alipofurahi sana.

Karibu na mwisho tukapata kona. Uwanja ule haukuwa na nyasi za kujivunia, na upepo wa saa kumi Nakuru unajulikana, hutoka ziwani na kuinua vumbi lote. Mpira ulipigwa, vumbi likapanda, vichwa vikarundikana, na mara wavu ukatikisika. Sindano alikuwa anakimbia huku mikono iko juu. Refa, mwalimu mmoja aliyeletwa kutoka mbali ili asipendelee mtu, akapuliza na kuonyesha katikati. Ee bwana wee! Uwanja mzima uliingia ndani. Nilibebwa juu na mtu nisiyemjua. Akina mama walianza kuelekea kwa fahali. Vijana wa Kuresoi walimzunguka refa wakimwonyesha mikono yao, wakisema, “Mkono, mwalimu, ni mkono!” naye akawa anafuta macho yenye vumbi na kutikisa kichwa. Mshika kibendera alikuwa mtu wetu wa mtaa. Aliulizwa, akaangalia viatu vyake. Kisha nikamwona Baba anatembea. Sikuelewa anaenda wapi. Alimpita Sindano, akasimama kidogo mbele yake, akamtazama, na Sindano akageuza uso. Baba akaendelea hadi kwa refa, akavua kofia. “Refa,” akasema, na watu waliokuwa karibu wote walimsikia, “ni mkono. Nimeuona.”

Bao lilifutwa. Mechi ikaenda kwa penalti, na miguu ya vijana wetu ilikuwa imeshakufa kwa hasira. Kuresoi wakashinda. Wakampandisha fahali kwenye lori kwa mbao mbili, wengine wakisukuma, wengine wakivuta, na lori likaondoka na nyimbo zao. Nakumbuka lile doa jeupe likitutazama kutoka juu. Mtaa ukapasuka. “Kocha, hapo umetumaliza!” “Si ungenyamaza tu? Nani alikuuliza?” “Wewe ni kocha wa nani, wetu au wao?” Mama alijaribu kuwajibu kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na Mama Atieno akamrudishia papo hapo, “Basi huyo Mungu amchinjie ng'ombe!” Watu wakacheka, cheko baya. Tulirudi nyumbani tukaikuta sufuria ya kanisa mlangoni, safi, inang'aa, haina kitu. Mama aliifunika kwa kanga ili asiione, na kesho yake tukairudisha, mimi nimeshika sikio moja, yeye lingine, tukipita njia ya nyuma.

Siku chache baadaye vijana walikuja. Baba aliwasikia hatua, akaamka haraka, akatandika mkeka na kutoa chupa ya dawa ya kuchua. Hawakuvua viatu. Nahodha alisema kwamba mtaa umeamua timu ipate kocha mwingine, na wameombwa wachukue mpira na jezi. Sindano alikuwa nyuma kabisa, amesimama mahali ambapo Baba hangeweza kumwona vizuri, na hakusema neno. Ningetaka aseme. Hata leo ningetaka. Baba akaniambia, “Nekesa, leta jezi za wenyewe.” Zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa. Niliziweka mikononi mwa nahodha, namba tisa juu. Baba akawaambia namba nne imeanza kuachia mshono begani, waitazame. Walipoondoka, akaukunja mkeka polepole, akasema, “Hasira ya njaa hiyo. Itaisha. Watakuja.”

Hawakuja. Kila jioni, saa ya mazoezi, Baba alivaa kofia yake na kuketi mlangoni akitazama njia ya uwanjani. Tulizisikia firimbi za kocha mpya. Shuleni niliitwa Kuresoi. “Kuresoi, leo mnakula nini?” Waya wetu wa nguo ulikuwa mtupu kiasi kwamba Mama alianza kuanika hata vitambaa visivyokuwa vichafu. Baadaye, wakati wa mavuno, jambo likazidi kuwa baya kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Lori lilelile la Kuresoi lilisimama mbele ya ploti, na kocha wao, mzee mwenye viatu vya gambuti, akateremsha gunia la viazi. Akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Sisi kwetu, mtu kama wewe hatumwachi na mikono mitupu.” Alikuwa na nia njema, maskini. Lakini kabla lori halijafika barabarani mtaa ulikuwa umeshaamua: kumbe alihongwa! Kumbe aliuza mechi kwa viazi! Baba aliligawa gunia lote kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akitaka waone hana cha kuficha. Walivipokea. Walivichemsha, wakala, na midomo ikiwa bado ina chumvi wakamwita Kocha wa Viazi. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajui kusema.

Sindano alichukuliwa na klabu kubwa, kisha tukaanza kulisikia jina lake redioni akiwa na jezi ya taifa. Nilikuwa nikitaka kuizima redio. Baba aliongeza sauti. Mtangazaji akipiga kelele kwamba ni guu la kushoto, Baba alinigeukia, anakunja kofia na kuikunjua, “Umesikia? La kushoto.” Ni hilo tu. Hakulisema kwa uchungu, na mimi nilichukia kwamba hana uchungu, kwa sababu ilibidi nibebe wake na wangu. Mama alikufa bila kusikia mtu yeyote akimwomba mumewe radhi. Nikikumbuka hilo, chakula hunishinda.

Sasa kuna kundi la simu la watu waliokulia Kaptembwo, na miezi michache iliyopita lilichemka. Uwanja unajengewa ukuta, na watu walikuwa wanajadili ni wachezaji na makocha gani wa zamani wanaostahili kuchorwa hapo. Majina yakamiminika, mabao yakahesabiwa, watu wazima wakatukanana kama watoto. Sindano alipita bila kupingwa. Mtu mmoja, Mungu ambariki, akaandika, “Na Kocha Simiyu je?” Jibu lilikuwa picha ya kiazi, kisha vicheko. Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza tunamheshimu mtu kwa lipi hasa. Mabao tunayahesabu upesi. Lakini mtu akisimama peke yake mbele ya watu wake wenye njaa akasema kilicho kweli, huyo hatuna pa kumchora.

Sindano alikuja kumwona Baba siku moja kabla ya sherehe ya ukuta. Amenenepa, jina halimfai tena. Baba siku hizi kumbukumbu zimemtoka, ananiita kwa jina la Mama, lakini saa ya mazoezi ikifika bado anatafuta kofia. Akamuuliza mgeni, “Wewe ni mtoto wa nani?”

“Ni mimi, Kocha. Njoroge. Sindano.”

Baba akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwingine kwa kukosea mlango. “Sindano hajafika. Lakini huwa hachelewi sana, mngoje.”

Yule bwana mkubwa akapiga magoti sakafuni, akaushika mkono wa Baba, na machozi yakamtoka. “Kocha, nisikize. Siku ile na Kuresoi. Ulikuwa mkono.”

Baba alimtazama. Sijui kama alikumbuka. Ila sauti iliyotoka ilikuwa ile ya uwanjani, ya zamani. “Basi usiniambie mimi,” akasema. “Mwambie refa.”

Kesho yake nilienda. Uwanja umepungua, vibanda vimeula upande wa barabara, na mahali alipofungwa fahali panaoshewa pikipiki. Ukuta ulifunuliwa, uso wa Sindano ukatokea, mkubwa, wa rangi, na watu wa mtaa wote walikuwepo, hata Mama Atieno kwenye kiti cha plastiki. Wakampa Sindano kipaza sauti. Akaangaza macho akaniona. Nilimwashiria kwa kichwa, nikimaanisha sasa, kaka yangu, watu ndio hawa. Akakohoa. Akamshukuru Mungu, wazazi wake, na mashabiki. Akawaambia vijana waache mihadarati. Kisha akarudisha kipaza sauti, wakampigia makofi, naye akashuka.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa mlangoni, kofia kichwani, anatazama njia.

“Wamekuja?” akaniuliza.

“Bado, Baba.”

“Watakuja,” akasema, na kunisogezea kiti.