Raketi ya Mwalimu Adong

Barnaba Oketch alitoka kwao Alego, Kenya, akiwa kijana, akaja Kampala kutafuta kazi ya reli, akaangukia kwenye duka la vifaa vya michezo la mzee Virji. Humo alifunga nyuzi za raketi za tenisi miaka kumi na minne. Wahindi walipofukuzwa mwaka wa 1972, mzee Virji alimwachia mashine ya kukazia nyuzi, akamwomba awatunze wateja. Haukupita mwezi, duka likapewa mtu aitwaye Masinde. Sifa yake ilikuwa moja tu: dada yake ameolewa na meja wa jeshi.

Masinde hakujua tenisi. Aliyeingia alipewa raketi iliyokuwa karibu na mkono wa muuzaji. Wanawake wembamba walitoka na raketi nzito za wanaume, makarani waliokuwa wanaanza walitoka na zile za mabingwa, na baada ya wiki chache walirudi viwiko vimevimba. Masinde aliwauzia dawa ya kuchua. Oketch, kule nyuma kwenye meza yake, alikuwa akichefukwa kama mtu aliyeketi karibu na mzoga.

Yeye alifundishwa kumpa mteja mkono kwanza. Katika kumshika alijua unene wa mpini utakaomfaa. Kisha aliuliza amecheza muda gani, na kama anapenda kuupiga mpira kwa nguvu au kuuweka mahali. Mwenye nguvu alimkazia nyuzi, mpira usimtoroke. Asiye na nguvu alimlegezea kidogo, nyuzi zimsaidie kuusukuma.

Hivyo ndivyo alivyomchagulia raketi Mwalimu Adong, Mwacholi aliyefundisha shule moja ya wasichana huko Mengo. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, fundi wa kudondosha mpira nyuma tu ya neti. Oketch alimpa raketi nyepesi, akauchonga mpini mpaka ukamkaa mkononi. Mwaka 1973 watu wenye gari lisilo na namba walimchukua mume wa Adong kazini kwake, na hakuonekana tena. Adong aliendelea kufundisha, na jioni aliendelea kucheza. Zaidi ya hayo hakwenda popote.

Mwaka uliofuata aliileta raketi hiyo ifungwe nyuzi mpya. Oketch aliifunga kwa nyuzi za utumbo wa mnyama, akaiweka rafuni. Asubuhi yake haikuwepo. Masinde alisema amempa shemeji yake, kwa sababu shemeji ameanza tenisi na ameipenda rangi yake.

Adong alipokuja, Oketch alimweleza yote, macho yakiwa sakafuni.

"Mwache aichukue, mzee," Mwalimu akasema. "Wamekwisha kuchukua zaidi ya hiyo."

Haikupita wiki, Oketch akaitwa kwenye klabu ya tenisi. Alimkuta meja uwanjani anacheza na Katembo, mfanyabiashara Mkongo ambaye Oketch alimjua kuwa mchezaji hodari kupita wengi mjini. Katembo alikuwa akiipiga mipira yake kwenye neti makusudi, mmoja baada ya mwingine, na kila mara akipiga makofi kwa kiganja juu ya nyuzi. Pembeni waliketi watu wenye suti, nao wakapiga makofi. Meja alipiga kwa nguvu zote na mipira yake ikaruka ukuta. Katembo akasema imeingia. Oketch alihisi mate yamemjaa kinywani, na hapakuwa na mahali pa kutema.

"Fundi," meja akamwita. "Hii raketi iko mbaya. Mpira inakimbia tu."

Oketch alimwomba mkono. Ulikuwa mkono mkubwa, wa moto, umelowa jasho, pete imezama katika nyama ya kidole. Ulinukia manukato na mafuta ya mbuzi. Alijilazimisha kuushika kama alivyoshika mikono mingine yote, akapima toka ncha za vidole hadi kiganjani.

"Raketi si mbaya, Afande," akasema. "Si ya mkono wako. Mpini ni mwembamba, unakuzungukia. Nyuzi ni legevu, na wewe una nguvu. Nitakuletea nzito kidogo, iliyokazwa. Hii niirudishe."

Meja akamtupia.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote. Angekuwa amemdanganya, angelala vizuri zaidi. Badala yake alikaa siku mbili anamtengenezea raketi nzuri, kwa sababu mikono yake haikujua kutengeneza mbaya.

Meja alifurahi. Alimpelekea kilo moja ya sukari, wakati ambapo Kampala nzima ilikuwa ikipanga foleni kuitafuta. Akeyo, mkewe, akaitia kwenye chai pale nyumbani Kisugu. Watoto walikunywa mpaka wakalamba vikombe, na Oketch hakuwakataza. Yeye alipiga funda moja, akatoka nje, akatapika kando ya migomba.

Adong alipoipata raketi yake aliipeleka puani.

"Inanuka mtu," akasema.

Oketch akaibandua ngozi ya mpini, akaukwangua mti kwa kipande cha chupa mpaka ukawa mweupe. Akazikata hata nyuzi, ingawa zilikuwa mpya, akaanza upya. Mwalimu alisubiri amesimama muda wote huo.

"Nimemsaidia kucheza vizuri, Mwalimu," Oketch akasema mwishowe.

"Najua. Nilimwona Jumamosi. Siku hizi mipira yake inaingia kweli." Alimshukuru, akaenda zake.

Mwaka mpya ulipoanza, Masinde alimwambia wako maofisa wengine watano wanaotaka kupimwa mikono na fundi wa meja. Oketch alijibu kwamba macho yake yameharibika. Wiki hiyo hiyo yeye, Akeyo na watoto walivuka mpaka wa Busia kuingia Kenya wakiwa na mabegi mawili, na mashine ya mzee Virji ikabaki juu ya meza.

Kisumu alipata kazi ya kutengeneza baiskeli. Mara mojamoja mtu aliyesikia habari zake alimletea raketi iliyokatika nyuzi. Oketch aliipokea, akaigeuzageuza, akasema kazi hiyo haijui.