Kwaya ya Wenye Nywele Ndefu

Kila nikifungua belo ya mitumba hapa Kawangware, ile harufu ya dawa hunirudisha utotoni mtaani Sarang'ombe, siku mama alipopekua koti la ngozi la mitumba akatoa kaseti mfukoni. Kwenye picha ya jalada lake kulikuwa na wanaume wenye nywele hadi mabegani.

"Hii ni kwaya," akasema. "Si uone nywele, kama za Yesu!"

Tangu tumzike baba, mama hakuwa ameimba. Kaseti ikanguruma, magitaa yakalia, naye akaitikia huku akifua, "Aleluya!" Majirani wakadakia.

Juzi nilitafuta jina la kaseti ile kwenye simu, nikasoma kwamba hiyo kwaya ilikuwa bendi ya roki ya Kroatia, ilivunjika kitambo, na nyimbo zao ni za bia na pikipiki.

Mama bado huwaombea wanakwaya wake. Nami husema amina.