Protini ya Mutsinzi

Walisema nilimnyima mwanangu chakula. Mtaa wetu wote wa Nyakabanda ulisema, na wapo wanaosema mpaka leo.

Mutsinzi alikuwa na miaka minane. Alikuwa akianguka ovyo, na kuinuka kwake ni kujikwea kwa mikono: anashika magoti, kisha mapaja, ndipo anasimama. La ajabu, vigimbi vyake vilikuwa vinene kuliko vya wenzake. Mwaka 1992 daktari mmoja Mbelgiji alimkata kipande kidogo cha nyama ya paja, akakitia kwenye barafu, kikapelekwa Ulaya kwa ndege wapime kilichomo. Tukangoja mpaka mvua zikaisha.

Majibu yalipokuja, daktari alisema kwa Kifaransa, muuguzi Xavérine akatutafsiria. "Wamepima misuli. Mtoto hana protini."

Neno hilo sote tulilijua. Kwenye kituo cha afya akina mama tuliimbishwa: protini ni maharage, maziwa, mayai, dagaa. Mtoto asiyezipata anaugua bwaki, anavimba, nywele zinakuwa nyekundu, na mama yake anatemewa mate. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini mume wangu Melchior alikwisha kutoka.

Jioni mama mkwe wangu, Donatille, alikuja kutoka kwake Gatsata. Hakukubali kukaa.

"Maharage ya shamba langu yalikuwa yanaenda wapi, Mama Mutsinzi? Kwa ndugu zako?"

"Mtoto anakula, mama. Muulize mwenyewe."

"Wazungu wamepima nyama yake. Nimuulize nini tena?"

Wakampeleka Gatsata wakamlishe. Melchior ndiye aliyembeba.

Nilipokwenda kumwona, uso ulikuwa umenenepa, lakini miguu haikumfikisha hata mlangoni.

"Bibi ananinywesha maziwa kama ndama," alininong'oneza. "Nikicheua, ananiongezea."

Tulicheka. Kisha akasema anataka kurudi nyumbani.

Nikaenda hospitali, nikakaa mlangoni kwa Xavérine mpaka akachoka kunipita. Nilimweleza neno lake lilivyoniponza. Akasema tuje wote, na mtoto. Mama mkwe alikuja upesi; alidhani anakwenda kusikia nikihukumiwa.

Safari hii daktari alieleza polepole. Protini ziko za aina nyingi, na hiyo anayokosa Mutsinzi hailiwi. Mwili huitengeneza wenyewe ndani ya misuli, na mwili wa Mutsinzi hauwezi kuitengeneza; ndiyo maana misuli yake inazidi kudhoofika.

"Hata angelala ndani ya chungu cha maharage," Xavérine akaongeza.

Nilimgeukia mama mkwe. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi.

Yeye akaniwahi. "Na kasoro hiyo inatoka wapi?"

Xavérine alimuuliza daktari, kisha akajibu akitazama sakafu. "Mara nyingi hupitia kwa mama. Yeye mwenyewe haugui. Huwapa wanawe wa kiume."

"Aa," mama mkwe akasema taratibu, kama mtu aliyeona kitambaa chake kilichopotea. "Kumbe ni wa kwenu. Basi mchukue. Ugonjwa wa ukoo wako, uulee wewe."

Melchior alimshika mama yake mkono, wakaondoka pamoja kwenda Gatsata, na huko ndiko aliko.

Mimi niliinama, Mutsinzi akanishika shingo. Nikambeba mgongoni kwa kitenge kama kichanga, miguu yake ikinigonga mapaja, majirani wakichungulia.

"Mama, bwaki yangu imepona?"

"Haikuwa bwaki."

"Basi leo nisinywe maziwa."

Nikamwambia asinywe.