Ng'ombe Wangu Wawili Walifika Ukweni kwa Mkono wa Mtu Mwingine

Admin, ficha jina langu, na kijiji usikitaje. Huku kwetu hata ng'ombe anajulikana kwa rangi na tabia, sembuse mtu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, Mkurya wa Serengeti, upande unaopakana na machimbo ya Tarime. Nina mke mmoja na watoto watatu. Au wawili, inategemea unamuuliza nani, na ndiyo maana nimeandika.

Dhahabu ilipowapagawisha watu, wageni walikuja kutoka kila kona kuchimba Tarime. Mimi nikaondoka kwenda kuchimba Kenya. Niliambiwa mwamba wa kule ni laini. Wakati huohuo kuna Mjaluo wa Kenya alivuka kuja kuchimba kwetu, naye kaambiwa mwamba wa huku ndio laini. Nitamwita Odhiambo, si jina lake.

Tulikutana Sirari, pale mpakani, kwa wakala wa pesa, wote tumenuna. Ukituma nyumbani unakatwa. Ikibadilishwa kuwa shilingi ya upande wa pili, unakatwa. Mke akienda kutoa, naye anakatwa. Unachimba wiki nzima, mtoto anapata ya daftari.

Odhiambo akanivuta pembeni. "Buda, hii kitu itatumaliza. Si wewe unachimba karibu na boma yangu? Na mimi niko karibu na yako. Wewe peana kwa bibi yangu, mimi napeana kwa wako. Pesa isivuke mpaka hata siku moja."

Nilimwona ana akili kuliko benki. Kila Jumamosi nikawa nampelekea mkewe, na kila Jumapili yeye anampelekea wangu. Miaka miwili, sijawahi kusikia imepungua hata mia.

Kilichoniharibia ni mahari. Nilikuwa nadaiwa ng'ombe wawili ukweni. Kwetu ng'ombe wa mahari hapelekwi na mgeni. Anaswagwa na ndugu wa mume, wazee wanakaa, wanakula, wanakunywa, ndipo anahesabiwa kuwa wako. Lakini kaka zangu nawajua. Kuwalisha na kuwanywesha siku ile ni ng'ombe wa tatu. Nikampigia Odhiambo: "Nunua wawili mnadani, uwafikishe kwa mkwe wangu. Na mimi nitamalizia bati za nyumba yako."

Akauliza, "Niwapeleke mimi mwenyewe?"

"Kwani ng'ombe anajua nani anamswaga?"

Ng'ombe hajui. Mkwe anajua.

Nimerudi nyumbani mwezi uliopita, mtoto wetu wa tatu ana miezi mitano na ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Kabla ya mimba hiyo nilikuwa nimekuja wiki moja tu. Majirani wamehesabu miezi kwa vidole, wakarudia tena, na kila mara vidole haviwatoshi. Nikaenda ukweni kusalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mura. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo kawaida yako."

Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Ng'ombe wako wa mwanzo nawajua. Hawa wawili waliletwa na Mjaluo. Ndugu yako yupi alishuhudia? Kwetu mtoto hufuata ng'ombe. Huyu mdogo ni wa ukoo gani?"

Nikacheka nikidhani ananitania. Hakucheka. "Mlete huyo mtu aseme mbele ya wazee kwamba ng'ombe si wake. Asipokuja, mtoto huyu tutamhesabu wa hapa kwangu."

Nyumbani nikamuuliza mke wangu. Hakulia wala kuapa. "Yule akija na hela anauliza watoto wameamkaje, anaondoka jua likiwa juu. Wewe ukipiga simu unauliza kama hela imefika."

Nikasema basi, tutarudi kwa wakala, tukatwe.

"Sawa. Na wakala akiniuliza watoto wameamkaje, utaniuliza na yeye ni nani kwangu?"

Nikampigia Odhiambo. Aliapa hajamgusa mke wangu. Kwa wazee atakuja, ila ana sharti. "Kwanza wewe uende kwa mama yangu, uapishwe mbele ya watu wangu. Watoto wangu wakisikia pikipiki yako wanakimbia wakiita baba. Si mimi wanaita. Na hizo bati, nani alipanda juu kuzipigilia?"

Nilipanda mimi. Fundi angetaka pesa.

Jamani, kwa mke wa Odhiambo sijafanya kitu. Nafika, natoa hela, nakunywa chai. Mvua ikinyesha nakaa kidogo. Hayo ndiyo maneno yaleyale Odhiambo aliyoniambia kuhusu kwangu, na mimi sikumwamini. Na kwa kuwa hapa hakuna anayenijua, niseme kweli: siku nyingine mvua haikuwa inanyesha.

Mkono wangu haujamgusa yule mwanamke. Moyo wangu sina la kuusemea. Na kiapo kwetu si karatasi ya kusaini. Tunaamini ukiapa uongo, hulipi wewe, wanalipa watoto wako.

Wazee wamenipa hadi mwisho wa mwezi. Nisipoapa kule, Odhiambo haji huku, na mwanangu ataitwa kwa jina la babu yake mzaa mama. Jumamosi ni keshokutwa. Nikimpelekea mkewe hela, watasema nimezidi kujichimbia pale. Nisipompelekea, Odhiambo naye hatatoa, na Jumapili wangu hawali.

Wakubwa wangu mnaosoma hapa, hasa mnaojua viapo: mtu ambaye hajatenda ila ametamani, akiapa kwamba hana hatia, ameapa uongo? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi. Wa kunitukana mnitukane, nitasoma yote, ila mwisho wa matusi mniandikie nivuke kwenda kuapa au nibaki.